Kutoka kibuyuni hadi kwenye vinasaba: mwongozo kamili wa kuchunguza utofauti wa bakteria wa mtindi, Tabora

Ukichukua koloni 5 (kishada cha bakteria kinachoota kwenye sahani) kutoka kibuyu kimoja cha maziwa mgando, streini iliyo asilimia 10 ya bakteria wote humo ina nafasi ya asilimia 41 tu ya kuonekana. Ukichukua koloni 10, nafasi hiyo hupanda hadi asilimia 65. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95, unahitaji koloni 29, na kama streini ni asilimia 5 tu ya wenzake, unahitaji 59. Tunaanza na hesabu hii kwa sababu ndiyo inayorukwa. Fedha za utafiti huishia kwenye mashine ya kusoma vinasaba, wakati utofauti wenyewe ulishapotea siku ya kwanza, kibuyuni na kwenye sahani ya agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Spishi ni kama kabila, na streini ni kama ukoo ndani ya kabila. *Streptococcus thermophilus* ni spishi, na ndani yake zimo streini nyingi: moja inachachusha haraka, nyingine inavutika kama mlenda, nyingine inakufa ikikutana na virusi wa bakteria. Ukiishia kwenye jina la spishi, utofauti hujaufikia.

Jambo la pili ni neno probayotiki. Kwa tafsiri ya FAO na WHO ya mwaka 2001, ni vijidudu hai ambavyo vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha humletea faida ya kiafya yule anayevitumia. Faida hiyo ni lazima ithibitishwe, tena kwa streini husika. Kwa hiyo bakteria wa kibuyuni ni bakteria wa asidi ya laktiki, basi. Usiandike "probayotiki" kwenye ripoti kwa sababu tu wametoka kwenye mtindi.

Kuchagua sampuli

Mtindi wa kiwandani kwa kawaida una spishi mbili: *Lactobacillus delbrueckii* nususpishi *bulgaricus* na *Streptococcus thermophilus*. Huchachushwa kwenye joto la nyuzi 42 hadi 45. Maziwa mgando ya kienyeji ya wilaya za Uyui, Nzega au Igunga huganda kwa joto la nyumba, nyuzi 25 hadi 30, na hapo wanaotamba ni wengine: *Lactococcus lactis*, *Leuconostoc*, *Lactiplantibacillus plantarum*, *Limosilactobacillus fermentum*, pamoja na hamira za porini. Tofauti hii ya joto itakufuata hadi maabara.

Panga makundi kabla ya kuondoka: kibuyu, ndoo ya plastiki, na mtindi wa dukani kama kipimo cha kulinganishia. Nyumba 10 za vibuyu na 10 za ndoo, zikiwa katika vijiji visivyopakana, zinatosha kwa kazi ya kwanza nzuri. Sampuli 20 kutoka nyumba moja si nyumba 20. Hizo zitakueleza habari za kibuyu kimoja tu.

Ukifika, salamu kwanza. Kwa wazee, mwangaluka ya asubuhi itakufungulia mlango kuliko barua yenye mhuri. Kisha omba ridhaa na uulize maswali haya, kwa sababu majibu yake ndiyo yatakayoeleza matokeo yako:

- Chachu imetoka wapi? Kama mama alianzisha kwa pakiti ya mtindi wa dukani miezi miwili iliyopita, utakutana na streini za kiwanda ndani ya kibuyu na kuzitangaza kuwa za asili.
- Maziwa yalichemshwa au ni mabichi?
- Kibuyu hufukizwa kwa mti gani, na mara ya mwisho lini? Moshi huua baadhi na kuwaacha wengine.
- Kuna ng'ombe aliyechomwa dawa ya ugonjwa wa kiwele siku za karibuni? Mabaki ya antibiotiki huzuia bakteria wa asidi ya laktiki na kuacha kibuyu kwa wasiohitajika.

Tikisa kibuyu taratibu, kisha mimina mililita 50 kwenye chupa iliyotakaswa. Usichote juu tu, kwa maana krimu na maziwa ya chini hazina bakteria sawa. Ukiruhusiwa, pangusa pia ukuta wa ndani kwa pamba safi ya kijiti, kwani kuna bakteria wanaonata ukutani kizazi hadi kizazi hata kibuyu kikioshwa. Pima pH papo hapo na uiandike. Weka chupa kwenye kisanduku baridi kama kile cha kubebea chanjo, nyuzi 4, zisigandishwe. Zifike maabara ndani ya saa 24. Zikikaa kwenye joto la bodaboda kutoka Igunga hadi mjini, wale wavumilivu wa asidi wataendelea kuzaana na wengine watakufa, na utakachopima ni safari.

Onyo moja: maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na uchachu hauwaui mara moja. Vaa glovu, usinyonye pipeti kwa mdomo, na usionje sampuli hata ikinukia vizuri.

Kutakasa vyombo kwenye mwinuko wa Tabora

Hapa ndipo maabara nyingi ndogo huharibikiwa bila kujua. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi kama 96. Jiko la presha lenye uzito wa kukaza mvuke kwa pauni 15 kwa inchi ya mraba, ambalo pwani hufika nyuzi 121, hapa hufika karibu 119. Kama chombo chako kina geji inayorekebishika, pandisha hadi pauni 17. Kama ni jiko la kawaida la nyumbani lenye uzito mmoja tu, ongeza muda: badala ya dakika 15, acha 25 kwa maji na mmumunyo wa kuzimulia. Toa hewa kwanza: acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 5 kabla ya kuweka uzito, la sivyo hewa iliyobaki itashusha joto zaidi. Kigoma mjini, ambako uso wa Ziwa Tanganyika hauzidi mita 800 juu ya usawa wa bahari, nyongeza ni ndogo.

Ila MRS, chakula cha kuoteshea bakteria tutakachokieleza hapa chini, hakipendi kupikwa sana. Sukari yake huungua, rangi hugeuka kuwa kahawia iliyokolea na bakteria wadhaifu hawaoti. Gawa kwenye chupa ndogo za mililita 200 ili joto lipenye haraka, na dakika 20 zitatosha.

Vyakula viwili, joto zaidi ya moja

MRS, iliyotungwa na de Man, Rogosa na Sharpe mwaka 1960, huwafaa bakteria wenye umbo la vijiti. M17, ya Terzaghi na Sandine ya 1975, huwafaa wale wa duara: *Streptococcus* na *Lactococcus*. Tumia vyote viwili. Atakayetumia MRS peke yake ataandika kwamba mtindi wa Tabora hauna *Lactococcus*, na atakuwa amekosea kwa sababu ya chakula tu.

Pima unga wa MRS kwa kipimo cha kwenye lebo, na agari gramu 15 kwa lita kama unga wenyewe hauna. Lita moja hutoa sahani kama 50 za mililita 20. Kwa *bulgaricus*, shusha pH ya MRS hadi 5.4 kwa asidi ya asetiki iliyotakaswa, agari ikishapoa hadi nyuzi 50. Ukiweka asidi kabla ya kupika, agari inaweza kulegea na sahani zikawa kama uji. Laktosi ya M17 hupikwa pembeni: mililita 50 za mmumunyo wa asilimia 10 kwa kila mililita 950. Hamira zikikusumbua, na kwenye kibuyu zitakusumbua, ongeza sikloheksimidi miligramu 100 kwa lita. Ni sumu kwa binadamu pia, kwa hiyo pima unga wake ukiwa na barakoa na glovu.

Sasa joto. MRS ya pH 5.4 iwekwe kwenye nyuzi 37 kwa saa 72 bila hewa. M17 kwa *thermophilus*, nyuzi 37 kwa saa 48, hewa ikiwepo. Kwa mtindi wa kibuyu, ongeza seti nyingine ya MRS ya kawaida na M17 kwenye nyuzi 30. Usipoongeza, umeichunguza Tabora kwa macho ya kiwanda.

Kwa kukosa hewa, pakiti za kunyonya oksijeni ndizo sahihi. Mshumaa ndani ya mtungi uliofungwa hupunguza oksijeni kidogo tu na kuongeza kabonidioksidi. Unatosha kwa wengi wa MRS, lakini *Bifidobacterium* hawaoti humo, na usiseme hawapo kwa kutumia mtungi wa mshumaa.

Kuzimua na kuhesabu

Pasha mmumunyo wa trisodiamu sitreti wa asilimia 2 hadi nyuzi 45. Pima gramu 10 za mtindi, weka ndani ya mililita 90 za mmumunyo huo, na utikise dakika 2. Sitreti hufungua mabonge ya kasini, protini ya maziwa. Bila kuyafungua, bonge moja lenye bakteria mia litaota koloni moja. Kuanzia hapo, chukua mililita 1 uweke kwenye mililita 9 za maji ya peptoni ya asilimia 0.1, na urudie hadi 10⁻⁷ (mtindi umezimuliwa mara milioni kumi), ukibadilisha pipeti kila hatua. Pipeti moja ikitumika mwanzo hadi mwisho, hubeba bakteria wa juu hadi chini na hesabu inavimba.

Sambaza mililita 0.1 kutoka 10⁻⁵, 10⁻⁶ na 10⁻⁷, sahani mbili kwa kila hatua. Hesabu sahani zenye koloni 30 hadi 300. Mfano: koloni 84 kwenye sahani ya 10⁻⁶ ni 84 ÷ (0.1 × 10⁻⁶), yaani 8.4 × 10⁸ kwa gramu. Kiwango cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mtindi ni angalau 10⁷ kwa gramu kwa bakteria wa chachu, na angalau 10⁶ kwa spishi nyingine iliyotajwa kwenye lebo. Pakiti ya dukani ikikupa 10⁴, angalia kwanza ilikaa wapi juani kabla ya kulaumu kiwanda.

Kuchagua koloni bila kupendelea

Jicho hupenda koloni kubwa, nyeupe, inayong'aa. Hilo ni kosa. Geuza sahani, chora pembe kwa kalamu upande wa nyuma, na chukua kila koloni iliyo ndani ya pembe hiyo, kubwa kwa ndogo, hadi utimize 30 kwa kila sampuli. Nyumba 20 ni koloni 600. Kama hiyo imekuzidi, punguza nyumba, usipunguze koloni, iwapo swali lako ni utofauti ndani ya kibuyu. Swali likiwa ni utofauti kati ya vijiji, fanya kinyume. Amua kabla ya kuanza na uandike.

Chora upya kila koloni kwenye sahani mpya mara mbili au tatu mpaka sahani nzima iwe na sura moja. Kisha vipimo viwili vya haraka. Dondoshea peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 3, ile ya duka la dawa: ikitoa povu, si wa asidi ya laktiki, weka kando. Paka kwa njia ya Gram na uangalie kwa hadubini: unataka zambarau, vijiti au duara, bila mbegu (spora) ndani.

Hifadhi siku hiyohiyo. Mikrolita 600 za mchuzi (chakula cha maji kilichooteshwa bakteria) wa usiku mmoja na mikrolita 400 za gliseroli ya asilimia 50 hutoa gliseroli asilimia 20 kwenye tyubu. Nyuzi −80 ndiyo sawa. Friza ya kawaida ya −20 hudumu miezi kadhaa, ila kila umeme unapokatika na barafu kuyeyuka, idadi inashuka. Weka nakala mbili, na ya pili iwe kwenye jengo lingine. Lebo ziandikwe kwa penseli au kalamu isiyofutika kwa spiriti: wilaya, nyumba, chombo, chakula, joto, namba ya koloni.

Kutoa DNA

Ukuta wa bakteria hawa ni mnene, na wenye umri mkubwa hawafunguki. Tumia mchuzi wa saa 12 hadi 16, si wa siku tatu.

Zungusha mililita 1.5 kwenye sentrifuji, dakika 5 kwa 8,000 g. Mwaga mchuzi, osha mara moja kwa bafa ya TE (Tris na EDTA). Changanya mashapo na mikrolita 200 za TE yenye lisozaimu miligramu 20 kwa mililita, nyuzi 37 kwa saa nzima. Ongeza mikrolita 20 za SDS (sabuni ya maabara) ya asilimia 10 na mikrolita 3 za proteinesi K ya miligramu 20 kwa mililita, nyuzi 56 kwa saa moja. Mmumunyo lazima usafike na uvutike kidogo. Ukibaki kama maziwa, kuta hazijavunjika, na kuendelea ni kupoteza dawa. Rudi kwenye lisozaimu saa moja zaidi, au otesha upya kwenye mchuzi wenye glisini asilimia 0.5 ili ukuta ulegee.

Weka mikrolita 75 za chumvi ya 5 M, kisha mikrolita 300 za klorofomu na isoamili alkoholi kwa uwiano wa 24 kwa 1. Geuzageuza, usitikise kwa nguvu. Zungusha dakika 10 kwa 12,000 g, chukua tabaka la juu tu, na uache kidogo karibu na utando mweupe. Ongeza isopropanoli robo tatu ya ujazo wake, zungusha, osha kwa ethanoli asilimia 70, kausha dakika 10, yeyusha kwenye TE mikrolita 50. Uwiano wa mwanga unaonyonywa kwenye nanomita 260 kwa 280, kipimo cha usafi wa DNA, uwe 1.8 hadi 2.0. Streini zinazovutika kama mlenda hutoa sukari inayoshikana na DNA na kuzuia PCR, njia ya kunakili DNA kwa mashine. Hizo zimua mara kumi kwanza kabla ya kuhangaika kuzisafisha upya.

Alama za vidole kwanza, majina baadaye

Usipeleke koloni 600 kusomwa. Anza na PCR ya praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha kunakili) moja, (GTG)₅, yaani GTGGTGGTGGTGGTG, ambayo hutoa mistari inayotofautiana ukoo kwa ukoo. Nyuzi 95 dakika 7, kisha mizunguko 30 ya nyuzi 90 sekunde 30, nyuzi 40 dakika 1, nyuzi 65 dakika 8, na mwisho nyuzi 65 dakika 16. Endesha kwenye jeli ya agarosi asilimia 1.5, taratibu, volti 60 hadi 80 kwa saa 3 au 4. Ukiharakisha, mistari huungana.

Katika kila jeli weka ngazi ya vipimo pembeni zote mbili na katikati, na streini ileile moja iliyorudiwa. Hiyo iliyorudiwa ndiyo hakimu. Ikiwa marudio yake yanafanana kwa asilimia 92, basi streini mbili zinazofanana kwa 94 huwezi kuzitenganisha, hata programu ikikuchorea matawi mazuri. GelJ na PAST ni programu za bure na zinatosha.

Kwa kila kundi chagua mwakilishi mmoja au wawili, na hao ndio usome jeni ya 16S, inayotumika kutambua spishi za bakteria. Praima ni 27F (AGAGTTTGATCMTGGCTCAG) na 1492R (GGTTACCTTGTTACGACTT). Kwa mikrolita 25: mchanganyiko tayari wa 2× mikrolita 12.5, kila praima ya 10 µM mikrolita 0.5, DNA mikrolita 1, maji mikrolita 10.5. Nyuzi 95 dakika 5. Mara 30 nyuzi 95 sekunde 30, nyuzi 55 sekunde 30, nyuzi 72 dakika 1 na nusu. Mwisho nyuzi 72 dakika 10. Tarajia mstari mmoja karibu na herufi 1,500 za DNA. Tyubu isiyo na DNA ikitoa mstari, tupa kila kitu cha siku hiyo. Mistari ya chini ya 100 ni praima zilizoshikana, puuza.

Linganisha kwenye BLAST, zana ya mtandaoni ya kulinganisha DNA, ukichuja streini za mfano (zile rasmi za kila spishi) tu. Chini ya asilimia 98.7 huenda ni spishi nyingine. Juu ya hapo bado hujamaliza: *L. plantarum*, *pentosus* na *paraplantarum* zinafanana kwa zaidi ya 99. Zitenganishe kwa PCR ya jeni ya *recA*: mistari ya herufi 318, 218 na 107 kwa mpangilio huo. Kundi la *casei* na *rhamnosus* linahitaji jeni ya *pheS* au *rpoA*. Na kumbuka jenasi ya zamani *Lactobacillus* iligawanywa mwaka 2020 kuwa jenasi 25, kwa hiyo makala za nyuma ya hapo zinataja bakteria walewale kwa majina mengine.

Wenye uwezo wa kusoma jenomu nzima wasome wachache: *thermophilus* na *bulgaricus* zina herufi kama milioni 1.8, *plantarum* kama milioni 3.3. Jenomu mbili zikifanana kwa wastani wa asilimia 95 hadi 96 au zaidi ni spishi moja. Kusoma DNA moja kwa moja kutoka kwenye mtindi ni njia nyingine nzuri, ila huhesabu na waliokufa.

DNA ya kupeleka Morogoro au Arusha haihitaji barafu. Iache ikiwa mashapo ndani ya ethanoli asilimia 70, kifuniko kimezungushiwa parafilmu, na itavumilia basi. Streini hai ni habari nyingine: zikivuka mpaka zinahitaji vibali na mkataba wa kuhamisha vielelezo, anza na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, mapema.

Kuhesabu utofauti

Kibuyu cha kwanza: koloni 30, koo tatu, 15, 9 na 6. Kipimo cha Shannon, kinachopanda koo zikiwa nyingi na zikigawana sawa, ni 1.03. Kibuyu cha pili: koloni 30, koo tatu pia, lakini 28, 1 na 1. Shannon 0.29. Idadi ya koo ni ileile, maisha ya ndani si sawa, na hicho cha pili kina dalili ya chachu ya dukani iliyotawala. Rudi kwenye daftari uangalie mama alijibu nini.

Linganisha sampuli zenye idadi sawa ya koloni. Kama moja ina 30 na nyingine ilibaki na 18 baada ya uchafu, punguza ya kwanza kwa bahati nasibu hadi 18, rudia mara mia kwenye PAST, kisha tumia wastani. Toa namba tatu tofauti: utofauti ndani ya chombo, kati ya nyumba za kijiji kimoja, na kati ya vijiji. Ukizichanganya kuwa namba moja, mwenye kibuyu akikuuliza chake kina nini, hutakuwa na la kumjibu.